Faida ya Kizuizi

Watu husifu ukuaji. Mzazi hufurahi mtoto akirefuka, mkulima hufurahi mbegu ikichipua, na mfanyabiashara hufurahi duka likipanuka. Ni wachache wasifuo kile kizuiacho. Kizuizi huhesabiwa kuwa adui wa maendeleo, na mtu asemaye "basi, imetosha" hupewa jina la mwoga au mchoyo. Lakini, msomaji wangu, ukitazama vema utaona kwamba hapana kitu chema kikuacho bila kuzuiwa. Mto usio na kingo huitwa mafuriko. Moto uliotoka katika mafiga haupiki tena chakula, huunguza nyumba. Na mwili wa mwanadamu, ambao ni ajabu kuliko mto na moto, nao hutegemea kizuizi tangu siku ya kwanza tumboni mwa mama hata siku ya mwisho ya uzee.

Ikiwa umepata kusafiri kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Kaplong, kisha ukashika njia ya Bomet, umeuona ushahidi wa neno hili kwa macho yako. Mashamba ya chai yametandikwa juu ya vilima kama mkeka mmoja, nayo yamelingana kimo hata mgeni hudhani kwamba mchai kwa asili yake ni kichaka kifupi kimfikiacho mtu kiunoni. Sivyo. Mchai ni mti. Ukiachwa upendavyo utapanda juu hata mita 10 na kupita, utazaa maua na mbegu, wala hautampa mchumaji majani ya kutosha kujaza kikapu. Kimo kile tukionacho ni kazi ya mikono. Kila baada ya wiki moja au mbili mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, na kila baada ya miaka michache mpogoaji hupita na panga lake, akaukata mchai hata ukabaki vijiti vitupu. Asiyejua hulia kwamba shamba limekufa. Ajuaye hungoja, na baada ya miezi michache shamba huvaa kijani kipya. Tangu chai ilipoanza kupandwa kwa wingi katika nyanda hizi katika miaka ya 1920, utajiri wake umetokana na kukua na kuzuiwa kwa pamoja.

Nataka kukueleza habari za kizuizi kingine, kisichoonekana kwa macho, kikaacho ndani ya seli za mwili wako na wangu. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni uzuri wa elimu yenyewe, kwani ni aibu mtu kuijua njia ya sokoni asijue njia za mwili wake. Ya pili ni msiba. Katika nchi hii ya chai uko ugonjwa mmoja uuao watu kwa njaa hali chakula kimo mezani, nao huanza pale kizuizi hiki kinapovunjika.

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Ila tofali hili huzaa matofali mengine. Seli moja hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na kadhalika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili maandishi yake yote ya urithi, ambayo wataalamu huyaita vinasaba. Maandishi hayo yana herufi bilioni 3 hivi zilizotoka kwa baba na nyingine kama hizo zilizotoka kwa mama. Mwanafunzi aliyepata kunakili ukurasa mmoja ubaoni ajua jinsi kosa linavyoingia. Kwa hiyo usistaajabu kwamba seli hukosea. Staajabu kwamba hukosea kwa nadra. Na zaidi ya makosa ya kunakili yako madhara yatokayo nje: jua kali juu ya ngozi, moshi katika mapafu, sumu katika chakula na vinywaji. Herufi zikiharibika mahali pabaya, seli huweza kusahau mpaka wake, ikagawanyika bila kuulizwa na bila kukoma. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Basi, ni nani azuiaye? Walinzi ni wengi, lakini aliye mashuhuri kupita wote ni protini iitwayo p53. Jina hili halina utamu. Herufi p ni ya neno protini, na 53 ni kipimo cha uzito wake kama kilivyosomwa katika maabara. Hata kipimo chenyewe hakikuwa sahihi, maana uzito wake wa kweli ni kama 44. Lakini jina lilikuwa limekwisha kushika, kama jina la utani ambalo mtu hupewa utotoni akazeeka nalo.

Kugunduliwa kwake ni hadithi yenye funzo. Mwaka 1979 watafiti wa mahali mbalimbali, miongoni mwao David Lane na Lionel Crawford huko London, na Arnold Levine huko Princeton, Marekani, waliiona protini hii ndani ya seli zilizogeuzwa na virusi kuwa seli za uvimbe. Kwa kuwa waliikuta penye uovu, waliishuku kuwa mshiriki wa uovu. Kwa muda wa miaka 10 ilihesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Mwaka 1989 ndipo hukumu ilipogeuka. Bert Vogelstein na wenzake huko Baltimore walichunguza uvimbe wa utumbo mpana, wakakuta kwamba jeni ya p53 imepotea au imeharibika. Na kundi la Levine likaonyesha kwamba p53 iliyo nzima huzuia seli kugeuka. Kumbe ile iliyokuwa ikichunguzwa hapo awali ilikuwa imekwisha kuharibika. Mwaka 1992 Lane akaitunukia cheo cha mlinzi wa maandishi ya urithi. Jifunze hapo, msomaji wangu: kumkuta mtu penye moto si ushahidi kwamba ndiye aliyeuwasha. Huenda amekuja na ndoo ya maji.

Kazi ya mlinzi huyu ni kama ifuatavyo. Seli ikiwa salama, p53 hutengenezwa na kuvunjwa mara kwa mara, wala haidumu kwa kawaida zaidi ya dakika 20 hivi. Iko protini nyingine, Mdm2, ambayo huikamata na kuitia alama ya kuvunjwa. Lakini maandishi ya urithi yakidhurika, mkono wa Mdm2 hulegea, nayo p53 huongezeka upesi na kuanza kutoa amri. Amri ya kwanza ni: simama. Seli huacha kugawanyika ili herufi zilizoharibika zitengenezwe. Matengenezo yakifaulu, kazi huendelea. Yakishindikana, hutoka amri ya pili, iliyo nzito: ufe. Seli hujivunja yenyewe kwa utaratibu, na jirani zake huyala mabaki. Moja imekufa ili nyingi zipone.

Tena p53 haifanyi kazi peke yake. Nne hushikamana zikawa kitu kimoja, kama watu wanne wabebao mgonjwa kwa machela katika njia za vilimani. Mmoja akiwa kiwete, machela huyumba yote. Ndiyo sababu jeni moja iliyoharibika yaweza kuiharibu kazi ya jeni nzima iliyotoka kwa mzazi wa pili. Na ndiyo sababu katika nusu hivi ya saratani zote za wanadamu, jeni ya p53 huonekana imeharibika.

Hapa msomaji mwerevu ataniuliza: ikiwa kizuizi hiki ni chema hivi, kwa nini mwili hukivunja kila baada ya dakika 20? Kwa nini usikiache kitawale daima? Jibu lilipatikana katika panya. Mwaka 1992 watafiti walizalisha panya wasio na p53 kabisa. Wengi wao walizaliwa wazima, wakacheza na kula kama wenzao. Lakini baada ya miezi michache uvimbe uliwajaa. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi yao, hasa majike, hufa kabla ya kuzaliwa kwa sababu ubongo wao umekua nje ya fuvu. Kisha mwaka 1995 likafanywa jaribio la kinyume: waliondoa Mdm2, yaani yule amzuiaye mlinzi. Viinitete vyote vilikufa mapema sana tumboni, kwa kuwa p53 isiyo na hatamu iliziangamiza seli zilizokuwa zikijenga mwili. Watafiti walipoondoa Mdm2 na p53 kwa pamoja, panya wakaishi.

Tafakari sana neno hili. Mtoto tumboni hukua kwa kasi ambayo hataifikia tena maishani, na katika kukua kwake seli hupaswa kuzaliwa na kufa, kila moja kwa wakati wake. Vidole vyako, ulipokuwa kiinitete, vilikuwa vimeungana kwa ngozi kama mguu wa bata. Seli za katikati zilikufa vikaachana. Kazi hiyo ya vidole ina wasimamizi wake wengine, lakini yatuonyesha kwamba kifo cha seli ni sehemu ya ujenzi. Pasipo kizuizi ubongo hutoka nje ya fuvu, na kizuizi kikipita kiasi mtoto haundwi. Mlinzi huhitaji kulindwa, na mwenye amri huhitaji mwenye kumwambia kiasi. Kama hekima hii imo katika seli isiyo na akili, sisi wenye akili tuna udhuru gani?

Wako viumbe waliojaliwa ulinzi huu kuliko sisi. Kusini mwa Bomet, katika nyika ya Masai Mara, hutembea tembo. Mwili wake una seli nyingi mno kuliko mwili wa mtu, naye huishi miaka mingi. Kwa hesabu ya kawaida ingempasa kuugua saratani mara nyingi kuliko sisi. Lakini huugua kwa nadra. Mwaka 2015 watafiti walitangaza sababu moja inayoelekea kuwa kweli: mwanadamu hupokea nakala moja ya jeni ya p53 kutoka kwa kila mzazi, bali tembo hupokea nakala 20 hivi, ingawa nyingi kati ya hizo si kamili kama ile ya asili. Seli ya tembo ikidhurika hufa upesi kuliko kuthubutu kuendelea na makosa. Sisi hatukupewa akiba hiyo. Tulichopewa ni kichache, na kichache hutunzwa.

Toka kwa tembo sasa uje kwa watu. Karibu na mji wa Bomet, kando ya maporomoko ya mto Nyangores, iko hospitali ya Tenwek, iliyoanza kama zahanati ya misheni katika miaka ya 1930. Madaktari wake waliona jambo la kuhuzunisha: saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni, iliwaleta watu wengi kuliko ilivyotazamiwa, na wengine wao hawakuwa wamefika miaka 30. Mwaka 2002 habari hii ilichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza, nayo ikawashtua wengi, kwa maana katika nchi nyingi ugonjwa huu ni wa wazee. Wamo wanawake na vijana wasiopata kugusa tumbaku wala pombe.

Mimi niliujua ugonjwa huu kabla ya kulijua jina lake. Mjomba wangu alikuwa mpogoaji wa chai, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Kwanza aliacha nyama, akisema meno yamechoka. Kisha kimyet, ugali wetu, ukawa haupiti bila maji. Kisha ukaja wakati wa uji, na baada ya uji maziwa, na mwisho hata mate yake mwenyewe alikuwa akiyatema katika kikombe. Hospitali ilimwekea mrija wa waya katika umio, naye akala tena kwa miezi kadhaa. Alituambia kwamba hajapata kujua kabla ya hapo kuwa kumeza ni neema. Alipofariki jirani walisema amelogwa. Sikuwalaumu, kwa kuwa asiye na elimu ya jambo hulipa jina la jambo alijualo. Lakini nilitamani kujua ni nini hasa kilichokuwa kimetukia ndani ya umio wake, na kutamani huko ndiko kulikonifikisha kwa p53.

Ngozi ya ndani ya umio hujifanya upya siku zote, seli za chini zikipanda kuchukua nafasi za seli zilizochakaa juu. Ni mahali pa kugawanyika kwingi, kwa hiyo ni mahali pahitajipo kizuizi. Katika saratani ya umio ya namna ionekanayo kwetu, p53 huwa imeharibika kwa wagonjwa walio wengi sana, tena mara nyingi huharibika mapema. Na haiharibiki kwa usiku mmoja. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba hata katika umio wa watu wazima wasio na saratani mna viraka vya seli ambazo p53 yake imekwisha kukosewa herufi. Viraka hivyo huweza kukaa miaka mingi bila kudhuru. Hatari huongezeka pale seli hizo zinaposukumwa kugawanyika tena na tena.

Nini basi kinachozisukuma? Wataalamu wametazama mambo mengi: tumbaku, pombe, moshi wa kuni katika jikoni zisizo na dirisha, uhaba wa matunda na mboga. Hata mursik, maziwa yetu yatunzwayo katika kibuyu kiitwacho sotet, yalipimwa, na mwaka 2013 ilichapishwa habari kwamba yana asetaldehidi, kemikali iwezayo kudhuru vinasaba. Liko na jambo jingine lililo karibu sana nasi, nalo ni joto la chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo Lyon, Ufaransa, lilitamka kwamba kunywa vinywaji vya moto uzidio nyuzi 65 za sentigredi yaelekea husababisha saratani ya umio. Mwaka 2019 uchunguzi uliofanywa Eldoret ukaonyesha kwamba wanywao chai ya moto sana hupatwa na ugonjwa huu zaidi ya wale wainywao ikiwa vuguvugu.

Angalia vizuri ni nini kinacholaumiwa. Jani la chai halina hatia, wala jasho la mchumaji halijapandwa bure. Linaloshtakiwa ni joto. Mwaka 2021 ilitolewa habari ya saratani za umio 552 kutoka nchi nane, Kenya ikiwamo, ambazo maandishi yake yote ya urithi yalisomwa. Watafiti walitumaini kukuta alama ya sumu fulani ambayo ingeeleza kwa nini nchi nyingine huugua zaidi ya nyingine. Hawakuikuta. Yamkini, basi, baadhi ya visababishi haviandiki makosa kwa mkono wao wenyewe, bali huunguza na kuchubua, na ngozi iliyochubuka hulazimika kujijenga upya kila siku. Na kila kujijenga ni kunakili, na kila kunakili ni nafasi ya kosa. Mlinzi aliyechoka hujaribiwa mara nyingi kupita kiasi.

Najua ugumu wa nasaha hii katika nchi yetu. Kwetu chai huchemshwa pamoja na maziwa na sukari, hutiwa katika chupa ihifadhiyo joto, na humiminwa mbele ya mgeni ikitoa mvuke. Kumpa mgeni chai iliyopoa ni kumwambia kwamba hakutazamiwa. Nawe mwanafunzi, wakati wa mapumziko mafupi, humeza kikombe kizima kwa harara kwa sababu kengele inakaribia kulia. Sikuambii uache chai. Wazazi wangu walinisomesha kwa fedha ya chai. Nakuambia ungoje. Dakika chache za subira juu ya kikombe hazikugharimu shilingi hata moja, na heshima ya mgeni haipungui kwa kusubiri pamoja na mwenyeji wake, wakizungumza.

Nakuambia na jambo la pili. Ukimwona mzazi, jirani au wewe mwenyewe chakula kikigoma kupita, usiseme ni meno wala uchawi, nenda ukapimwe. Madaktari wa Tenwek waliwapima watu wazima 305 wa sehemu hiyo wasio na dalili yoyote, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Walipitisha mpira mwembamba wenye taa hadi katika umio, wakanyunyiza dawa ya aidini. Seli nzima hugeuka rangi ya kahawia. Zilizoanza kupotoka hubaki nyeupe. Takriban watu 14 katika kila 100 walikuwa na seli zilizopotoka. Si wote hao watakaougua, lakini walio katika hatari waweza kujulikana mapema, wakati doa lingali dogo, na doa dogo huweza kuondolewa kwa vyombo vipitishwavyo kinywani bila kupasua kifua. Likingoja hata uji usipite, tiba huwa ya kupunguza mateso tu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usidharau kizuizi. Mwili wako umelindwa miaka yote hii na protini ambayo hukuijua jina, iliyosema "simama" mara nyingi usizoweza kuzihesabu, na iliyoziua seli zako mbovu usiku ulipokuwa umelala. Haikukuomba malipo. Lililobaki katika uwezo wako ni kuipunguzia kazi: epuka tumbaku na pombe, toboa dirisha jikoni, kula matunda ya shamba lako, na kikombe chako cha chai kiache kipoe kidogo kabla ya kukipeleka kinywani.